Sijambo ya Kitandani

Saa mbili za asubuhi. Zamu ya usiku imeshakabidhi, na muuguzi wa asubuhi anasimama kwenye kitanda cha mwanzo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hujambo leo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Bibi ana mshono wa tumbo wa siku ya pili. Usiku kucha hakupata usingizi wa maana, na kila akivuta pumzi ndefu tumbo linamkata, kwa hivyo amejizoesha kuvuta fupifupi. Hajamdanganya mtu. Kaamkiwa, kaitikia. "Hujambo" asili yake ni kuulizwa kama huna jambo, na adabu ya visiwani humtaka mtu aseme hana, amshukuru Mungu, kisha ndipo lije la moyoni, likija. Muuguzi anayeandika kwenye faili "mgonjwa hana malalamiko" kwa kutegemea maneno hayo ameipokea salamu akaifanya kipimo.

Kwa maoni yangu kazi kubwa ya uuguzi wa kwetu, Unguja na Pemba, ni kulifikia jibu la pili. Mgonjwa anayekuamini atakwambia kuwa vidonge vya jana amevitia chini ya godoro, kuwa mamake kamletea chupa ya kombe, maji yaliyooshewa aya, kuwa damu inayomtoka ni nyingi kuliko aliyomtajia daktari mwanamme. Asipokuamini, yote hayo utayajua baadaye kwa homa ya saa nane ya usiku.

Swali la "vipi?" au "unaendeleaje?" halilileti jibu hilo, kwani maswali hayo yana majibu yake tayari. Huletwa na swali la jambo ambalo mtu amelifanya. Usiku uliamka mara ngapi? Ulipokwenda chooni ulikwenda peke yako au ulishikwa? Uji uliumaliza? Hebu kohoa kidogo nikusikie. Mgonjwa wa tumbo akiambiwa akohoe, akashika mshono kwa mikono miwili na uso ukamkunjika, ameshajibu kila kitu. Maumivu yapimwe mtu akiwa anajongea, kwa sababu akilala kimya hata mshono mbichi hutulia. Kipimo cha sifuri mpaka kumi kinawafaa waliozoea namba. Kwa wazee wengi vidole vya mkono mmoja vinatosha: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyostahimilika. Ila kitumike kipimo kile kile zamu zote tatu, na kiandikwe kikamilifu, 3/5 au 3/10. Ikiandikwa tatu peke yake, wa zamu inayofuata atamwona mwenye maumivu makali kama mwenye maumivu madogo.

Kisha iko subira. Wagonjwa wengi huvumilia kwa imani kwamba uchungu wa maradhi unamfutia mja madhambi yake, na hilo si la kubishana nalo kitandani. Muuguzi amweleze mgonjwa yanayotokea mwilini. Asiyevuta pumzi ndefu kwa kuogopa maumivu, sehemu za chini za mapafu hazifunguki, makohozi yanakaa humo, na baada ya siku mbili tatu anaingia kichomi. Asiyeinuka kitandani, damu ya miguuni inakwenda polepole na inaweza kuganda. Dawa ya maumivu anapewa ili aweze kukohoa na kutembea. Subira yake inabaki yake. Na apewe dakika 30 mpaka 60 kabla ya kusimamishwa, maana akipewa baada ya kurudishwa kitandani analia, dawa imekuja kazi imeshakwisha. Wakati wa kukohoa, mto ubanwe juu ya mshono kwa viganja viwili. Ukimwahidi kwamba leo kuinuka hakutakuwa kama jana, na ikawa kweli, kesho atakunyooshea vidole kabla hujamuuliza.

Maneno ya mwili nayo yana njia zake. Mwanamke akisema ana chango, mzee akisema mshipa umemshika, mama akisema mtoto kapata degedege, anakupa habari ambazo vyombo havijakupa bado. Chango laweza kuwa maumivu ya hedhi, maambukizi ya kizazi, hata mimba iliyotunga nje ya mfuko wake; kwa hivyo muuguzi aulize limeanza lini, linakuja na damu au bila damu, na hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mshipa huwa ngiri, huwa busha, na mwanamme atautaja kwa kuzungukazunguka mpaka aone kwamba hutacheka. Anayesahihisha neno kwanza ("hakuna ugonjwa unaoitwa chango") amefunga mlango, na ataondoka pale na faili tupu.

Degedege linataka maelezo zaidi, kwani wako wazee wanaoamini kuwa mtoto akichomwa sindano katika hali ile atakufa. Wanakuja na mtoto anayetetemeka, macho yamepinduka, na bado wanamkinga na sindano. Hapo hakuna wakati wa darasa. Mtoto alazwe ubavu, mdomoni asitiwe kitu chochote, mate yafutwe au yavutwe, apewe oksijeni, sukari ya damu ipimwe kwa tone la kidoleni. Ikiwa degedege halijakatika na mshipa wa kutilia dawa haujapatikana, diazepamu hutiwa kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa bomba lisilo na sindano. Wakati mmoja anafanya hayo, mwingine amshike mama bega na amsemee kila hatua: sasa tunampa hewa, sasa tunapima sukari, dawa hii haichomwi. Mtoto akitulia mbele ya macho yake, mazungumzo ya sindano ya malaria yatakayofuata huwa mepesi sana.

Kwa mtu mzima, mtihani wa mwanzo ni sindano ya dripu, na tunaikosea sana kwa kutofikiri mahali pa kuitia. Mtu wa kwetu hula kwa mkono wa kulia na hustanji, yaani hujiosha chooni, kwa wa kushoto. Kanula, yaani mrija mdogo unaobaki mshipani, ikiwa nyuma ya kiganja cha kulia, atalishwa kama mtoto, au ataacha kula mbele za watu. Ikiwa nyuma ya kiganja cha kushoto, italowa kila aendapo chooni, plasta itabanduka, na siku ya pili mshipa umevimba na kuwa mwekundu. Pazuri ni baina ya kifundo cha mkono na kiwiko, mbali na viungo hivyo viwili. Kabla ya kufunga mpira, mgonjwa aulizwe: "Babu, mkono gani nikuachie?" Swali la sekunde tatu, na mzee ameona kwamba kuna mtu amefikiria atakulaje.

Ukubwa wa kanula nao uchaguliwe kwa kazi yake. Ya waridi, namba 20, inatosha dripu na dawa za mtu mzima. Ya kijani, namba 18, ni ya anayekwenda chumba cha upasuaji au anayeweza kuhitaji damu kwa haraka. Ya buluu, 22, kwa wazee wenye mishipa membamba, na ya manjano, 24, kwa watoto wachanga. Spiriti iachwe ikauke, sekunde 30 hivi, kwani sindano inayopita kwenye spiriti mbichi humwasha mgonjwa, na vijidudu havijafa. Ukikosa mara mbili, sema "samahani, nimekosa, namwita mwenzangu," na umwite kweli. Mgonjwa husamehe kukosa. Asiyemsahau ni aliyemchokoa mara tano huku akimlaumu kwa kuwa na mishipa mibaya.

Dripu ikishakwenda, huja tatizo la jamaa. Gurudumu la kurekebishia matone liko pale pale, mtu yeyote analifikia, na wengi wanaamini maji yakiisha mapema mgonjwa anapona mapema. Lita 1 ya maji kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika, yaani kumi au kumi na moja kila robo dakika. Shangazi akilifungua gurudumu lote, lita hiyo itaingia kwa muda mfupi mno, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu, au kwa mtoto, maji yanajaa mapafuni. Kumkemea shangazi mbele ya wagonjwa hakusaidii. Bandika ukanda wa plasta kwenye mfuko, andika saa uliyoanza na uchore mstari wa pale maji yatakapofika, kisha mpe yeye kazi: "Mama, adhana ya Adhuhuri maji yawe hapa. Yakipita au yakichelewa, niite." Jamaa ndio wanaolala na mgonjwa, ndio wanaomgeuza na kumpa uji. Kuwafukuza ni kujinyima macho.

Hapa niseme juu ya stara, kwani ndiyo inayovunja imani haraka kuliko yote. Mgonjwa wa kike aliyefunuliwa mbele ya wodi kwa dakika moja hatakuita tena, hata kama anatoka damu. Khanga ni doti, vipande viwili, na hizo zinatosha kumwogesha mtu kitandani bila kumfunua mwili mzima. Kipande kimoja kinatandikwa chini yake, cha pili kinamfunika kutoka shingoni. Maji yawe ya vuguvugu, mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Unaanza uso bila sabuni, kisha mkono mmoja unatolewa nje ya khanga, unaoshwa, unafutwa, unarudishwa, ndipo unatolewa wa pili. Kifua huoshwa kwa mkono ulio chini ya khanga. Miguu vivyo hivyo. Maji yabadilishwe kabla ya mgongo na sehemu za siri, na hizo, akiweza mwenyewe, apewe kitambaa na pazia lifungwe. Wakati wa kumgeuza ndipo unapotizama ngozi ya kiunoni, visiginoni na mabegani. Wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulala, na mgonjwa huyo anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Muuguzi wa kiume kwenye wodi ya wanawake asimame mlangoni, atoe salamu kwa sauti, asubiri kidogo watu wajitandie. Akilazimika kumhudumia mwanamke sehemu za siri na hakuna mwenzake wa kike, aombe ruhusa, na jamaa wa kike asimame ndani ya pazia. Nimesikia ikisemwa kuwa mambo hayo yanachelewesha kazi. Yanachukua dakika mbili. Mwanamke aliyekataa kupimwa anachukua asubuhi nzima.

Mpira wa mkojo una mkasa wake. Mgonjwa anaona haya mfuko wake kuonekana na wanaokuja kumtizama, basi anaupandisha kitandani na kuuficha chini ya khanga, au anaupakata. Mfuko ukiwa juu ya kibofu, mkojo unarudi ulikotoka, na baada ya siku chache ana homa na baridi. Kumwambia tu "ushushe mfuko" hakutoshi, kwa sababu kilichompandishia mfuko ni haya. Mpe kijimfuko cha kitambaa cha kuuvisha, uning'inie chini ya kitanda usiguse sakafu, naye atauacha pale. Umwagwe ukifika robo tatu, na kabla ya nyakati za sala kwa anayesali.

Maana wengi huacha kusali wakishatiwa mpira huo, na unyonge wa kuacha sala unaongeza ugonjwa. Muuguzi si mtoa fatwa. Anaweza kumsaidia mgonjwa ampigie sheikhe wake, ambaye kwa kawaida atamweleza hukumu ya mwenye udhuru. Yaliyo katika uwezo wa muuguzi ni nguo safi, mfuko mtupu na kibla. Zanzibar na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini, takriban moja kwa moja. Mshale wa plasta kwenye ukuta wa wodi unamtosheleza kila atakayelala pale. Wanaotayamamu hukaa na udongo, kwani visiwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo hutaka vumbi. Kuwaletea jiwe lililooshwa hakuwatoshi. Udongo ukae kwenye kopo lenye kifuniko, upande wa pili wa kidonda, usikung'utiwe juu ya kitanda, na mikono ipanguswe kabla ya kugusa bendeji. Ukimwonyesha hivyo hatauficha chini ya mto, palipo karibu na mshono.

Kombe ni katika hayo hayo. Aya huandikwa kwa zaafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa. Wodi nyingi hazilisemi, kwa hivyo hunywewa chooni. Balaa lake ni siku ya upasuaji. Mgonjwa anatakiwa asile chakula saa 6 kabla na asinywe hata maji saa 2 kabla, kwa sababu akilazwa usingizi koo haijilindi, na kilichomo tumboni kikipanda kinaingia mapafuni. Mama wa watu, kwa mapenzi, anamnywesha kombe na tende mbili asubuhi ile ile, na akiulizwa mlangoni kwa chumba cha upasuaji "umekula?" mgonjwa anajibu hapana, kwani kombe si chakula. Suali liulizwe jioni yake, na litaje vitu kwa majina: uji, maziwa, kombe, zamzam, asali. Kisha apangiwe: kombe linyweke usiku kabla ya kulala, asubuhi asomewe tu na apakwe. Hirizi nayo haiingii ndani. Ifungwe kwenye kitambaa safi akae nayo ndugu mlangoni, mgonjwa aione mkononi mwake anapopita. Vipuli na pete vitolewe vyote, kwani kisu cha umeme kinaweza kumuunguza mtu palipo na chuma.

Na hina. Piko jeusi, rangi ya kujipambia, kwenye kucha laweza kukiharibia kazi kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni: kikaonyesha namba ya chini isiyo ya kweli, au kisionyeshe kitu. Hina nyekundu haina taabu kubwa. Jaribu kidole kisichopakwa, au kiweke kifaa ubavuni mwa kidole badala ya juu ya kucha. Upungufu wa damu usiutafute kwenye kucha wala viganja vyenye hina, utafute ndani ya kope la chini na kwenye ulimi. Lakini mzazi mwenye siku tatu tangu kujifungua asisimangwe kwa kupambwa kwake; aliyempamba ni mama mkwe, naye amesimama hapo hapo.

Majina yetu yanafanana mno. Wodi moja inaweza kuwa na Asha Juma wawili na Khamis Ali watatu, na jina la babu halitofautishi kila mara. Muuguzi anayeuliza "Wewe ndiye Asha Juma?" ataitikiwa "Naam" na bibi asiyesikia vizuri, au aliyeona haya kukuuliza tena. Aulizwe, "Nitajie jina lako, la baba na la babu, na shehia yako," yaani mtaa anaokaa, kisha ilinganishwe na faili. Kwenye damu, watu wawili wasome pamoja: jina, namba ya faili, kundi la damu kwenye mfuko na kundi la damu kwenye cheti, hapo kitandani, si mezani. Na robo saa ya mwanzo muuguzi asiondoke, kwani damu isiyolingana hujionyesha mapema kwa baridi, maumivu ya kiuno na pumzi kubana.

Kosa jingine limo ndani ya saa zetu wenyewe. Mgonjwa anayetoka akiambiwa "dawa hii saa nane" anaweza kuelewa mara moja kwa siku, saa nane mchana, wakati iliyokusudiwa ni kila baada ya saa nane. Kwenye pakiti imeandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, naye anameza vitatu mara moja ili amalize. Njia nyepesi ni kuifunga dawa kwenye sala, ambazo huku karibu na ikweta hazibadiliki sana mwaka mzima: kimoja baada ya Alfajiri, saa kumi na moja, kimoja baada ya Adhuhuri, saa saba, kimoja baada ya Isha, saa tatu. Hapo zimepita saa nane kila mara. Ya mara mbili iwe Alfajiri na Magharibi. Mwambie akurudishie maneno hayo kwa mdomo wake na akuonyeshe kidonge chenyewe. Asiyeweza kusoma, chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi.

Ramadhani hupindua ratiba hiyo yote, na ndio mwezi ambao vidonge vingi hupatikana chini ya magodoro. Siku ya mwanzo ya mfungo kila mgonjwa aulizwe waziwazi, "Bibi, unafunga?", kwa sauti isiyomhukumu, ili daktari apange dawa baina ya futari na daku, au amweleze kwa nini asifunge. Mgonjwa wa sukari anayefunga ajue namba mbili: sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6 mmol/L afungue hapo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa alasiri mara nyingi huitwa uchovu wa saumu. Kipimo cha kidoleni ndicho kitakachosema.

Wapo wanaofika wakiwa wamechoka kuogopa. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Pemba kuja hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, huwa amevuka bahari, na jamaa zake wanaikumbuka tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama maeneo ya Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Muuguzi anayempakia kwenye bandari ya Mkoani, Pemba, ahakikishe kanula inapitisha maji, mfuko wa mkojo mtupu, dawa ya kichefuchefu imetolewa kabla ya kupanda, na barua inasema dawa ya mwisho ilipewa saa ngapi, si "amepewa dawa" tu, kwani anayempokea bila saa hiyo ataichelewesha au ataizidisha. Anayempokea aanze na "Poleni na bahari," awaonyeshe choo, maji, na mahali jamaa wanapoweza kukaa, ndipo afungue faili. Mtu asiyejua choo kiko wapi hasikii maelezo ya ugonjwa.

Na anayekata roho. Jamaa hutaka kumtilia zamzam kinywani, na mtu aliyepoteza fahamu hawezi kumeza, atapaliwa na mauti yake yatakuwa ya kuhangaika. Wape pamba, wailoweshe zamzam hiyo hiyo, wampanguse midomo. Kitanda kielekezwe kibla kama nafasi inaruhusu, pazia lifungwe, na anayemtamkia shahada apewe nafasi karibu na sikio. Akishatoka roho, muuguzi wa jinsia yake amfumbe macho, amfunge kidevu kwa bendeji pana, amnyooshe mikono na miguu kabla ya kukakamaa, atoe mipira, amfunike shuka nzima. Kisha karatasi ziharakishwe, kwani maziko huku hayangoji. Jamaa waliosubiri saa tano kwa sahihi moja watayahadithia matangani, na watakaosikia ndio watakaochelewa kumleta mgonjwa mwakani.

Lililobaki ni makabidhiano, na mengi ya haya hupotelea hapo. Zamu ya usiku ikisema "kitanda cha mwanzo, hajambo, presha nzuri," kila kilichopatikana kwa upole usiku kucha kimefutwa, na muuguzi wa asubuhi ataanza tena na salamu. Bibi ataona kwamba alimwambia mtu, na mtu huyo hakumwambia mwenzake. Ripoti ya kitanda kile ingetosha hivi: mshono siku ya pili, maumivu 1/5 akilala, 4/5 akikohoa, aliamka mara sita, ubavu wa kulia ndio anaoupenda, dawa ya maumivu saa moja na nusu, asimamishwe saa mbili na robo, akiulizwa atasema hajambo, mwambie akohoe.